Watoto wa Masizi wa Ngonga

Mpunga wa Ngonga ukianza kukaza punje, watoto hawalali mpaka jua liwachome. Saa kumi na mbili asubuhi kila shamba lazima liwe na mtu juu ya dungu, kichanja cha kulindia mpunga, kwa sababu kwelea kwelea hushuka kwa maelfu, na shamba lisilo na mlinzi huliwa mpaka yakabaki makapi. Kisa, msichana wa darasa la sita, alikuwa akiamia ndege kwenye shamba la mama yake mpaka saa moja, kisha anakimbilia shule. Saa kumi jioni alipanda tena dungu, akakaa huko mpaka ndege walipokwenda kulala.

Kazi hiyo aliipenda kwa kuwa aliiweza. Kwa kombeo lake la kamba ya katani alipeleka donge la udongo hatua sitini, likapasukia katikati ya kundi la ndege, wote wakaruka. Madonge aliyafinyanga mwenyewe na kuyaanika juani. Udongo mtupu. Kokoto haiwekwi, wala kitu kingine chochote kigumu, kwani donge huangukia mahali usipopaona, na mahali hapo panaweza kuwa na mtu. Watoto wa Ngonga hufundishwa sheria hiyo kabla hawajajua kusoma.

Jumamosi mchana ndege wakiwa wamepumzika, watoto walijazana kwenye kibanda cha video cha Amon. Kilikuwa kibanda cha mabanzi na magunia, hakina dirisha hata moja. Ndani kulinuka jasho na karanga zilizooza, na nyuma ya ukuta kulinuka mkojo, maana Amon hakuona haja ya kuchimba choo. Mzazi gani angekubali kuketi mle? Ndiyo maana hakuna mzazi aliyejua mtoto wake alikuwa analishwa nini.

Msimu ule picha iliyotamba iliitwa Jiji la Masizi. Ilihusu miaka ijayo: mvua imekoma, serikali imekimbia, watu wazima wamejifungia majumbani kwa woga, na barabara zote zimeshikwa na vijana waliojipaka masizi usoni. Kiongozi wao alikuwa Razo. Razo alimpiga kila aliyejisikia kumpiga, wazee, wachuuzi, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Mgeni aliyepita mtaani kwake alipigishwa magoti. Na juu ya vilio vyote hivyo ilisikika sauti ya mtafsiri aliyeigeuza picha kwa Kiswahili, mtu mzima na akili zake, akicheka. "Oyaa, babu kala ya uso! Meno yameenda likizo!" Kibanda kizima kilicheka pamoja naye. Watoto walicheka damu ya mzee huku wakitafuna karanga.

Picha yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza iliisha saa kumi kasorobo, Razo akiwa amesimama juu ya ghorofa, ngumi hewani, jiji zima limempigia magoti. Hapo Amon alibadilisha diski, na hapo hapo watoto walitoka mbio kuwahi mashamba, maana ndege hawana subira. Kwa hiyo Kisa na wenzake waliiangalia sehemu ya kwanza Jumamosi nne mfululizo, na ya pili hawakuiona hata mara moja. Kwao wao Razo alikuwa ameshinda, basi.

Aliyeleta ujinga huo shambani alikuwa Anyelwisye, kijana wa miaka kumi na mitano aliyemaliza darasa la saba na kukaa tu. Alikwangua masizi kwenye chungu cha bibi yake, akajipaka usoni, akampaka Kisa, akampaka na Asifiwe, mvulana wa darasa la tano. Kisha akawaapisha kwamba mambo ya kundi hayatoki nje.

"Sisi ndio Watoto wa Masizi," alisema. "Njia ya tuta ni yetu. Mgeni akipita, magoti."

"Mgeni gani atapita huku?" aliuliza Asifiwe.

"Si yule Mkisi? Yule Eliya."

Eliya alikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye na mama yake, Wakisi wa ziwani, walitoka Matema mwaka uliopita, wakapanga chumba karibu na gulio na kukodi kipande cha shamba. Mama yake aliuza usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani, na mara nyingine alivuka mpaka kufuata mzigo kwa dada yake upande wa Malawi. Eliya hakuwa amemkosea mtu. Kosa lake lilikuwa kuongea Kinyakyusa kwa lafudhi ya ziwani.

Anyelwisye aliokota chupa ya bia, akaiponda kwenye kinu kibovu mpaka ikawa vipande vidogo vidogo, akaimwaga kwenye udongo wa Kisa.

"Anyelwisye, udongo hauwekwi kitu," Kisa alisema.

"Hiyo ni sheria ya ndege. Kwani sisi tunapiga ndege? Razo hatupi matope. Finyanga."

Kisa alifinyanga. Kipande kimoja kilimchoma kidole gumba, akakinyonya kidole, akatema damu, akaendelea kufinyanga. Hapo ndipo alipopaswa kuacha. Kidole chake mwenyewe kilikuwa kimemwambia.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, mara tu walipotoka kwenye kibanda cha Amon, Eliya alikuja kwenye njia ya tuta, ile ipitayo kati ya mashamba yenye maji. Alikuwa na beseni la usipa kichwani na wimbo mdomoni. Alipowaona wale watatu wenye nyuso nyeusi, alidhani ni mchezo, akatabasamu.

"Piga magoti, mgeni," alisema Anyelwisye.

"Mama ananisubiri gulioni. Nipisheni jamani, mzigo mzito."

"Nimesema magoti!"

Eliya akaacha kutabasamu, lakini magoti hakupiga. Alitaka kupita pembeni. Anyelwisye akamgeukia Kisa. "Mwonyeshe."

Kisa aliweka donge kwenye kombeo, akalizungusha mara mbili, akaachia. Alilenga beseni. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye, na ni kweli. Lakini mtu anayelenga beseni lililo juu ya kichwa cha mtoto amelenga kichwa cha mtoto, hakuna hesabu nyingine hapo.

Donge lilipiga ukingo wa beseni likapasuka. Usipa wote ukamwagika majini, na Eliya akaanguka kwa magoti, mikono yote miwili kwenye jicho la kulia, akipiga kelele za mnyama anayechinjwa. Anyelwisye akaangua kicheko, kicheko kile kile cha mtafsiri. "Oyaa! Mkisi kala ya uso!" Asifiwe akacheka. Na Kisa naye, Mungu amsamehe, alicheka.

Alicheka mpaka Eliya alipoondoa mikono. Shavu lilikuwa limejaa damu na tope na ute, vimechanganyika, vinatiririka mpaka mdomoni. Samaki walikuwa wamemganda kwenye nywele. Anyelwisye alikuwa anatembea juu ya usipa kwa makusudi, akiukanyagia kwenye matope, nao samaki wakapasuka kwa mlio chini ya ndala. Kisa alikimbilia kwenye migomba, akainama, akatapika karanga zote.

Nyuma yake alimsikia Anyelwisye. "Sema umeanguka. Ukitutaja, usiku tunachoma chumba chenu, wewe na mama yako mkiwa ndani. Umesikia?"

Eliya alisikia. Kwa mama yake alisema ameteleza kwenye tuta akaangukia matopeni.

Jioni ile mama yake Kisa, Atupele, aliivisha wali na usipa wa kukaanga. Kisa alitazama vile vichwa vidogo vyenye macho meupe, akaisukuma sahani pembeni.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi kula. Na hicho cheusi nyuma ya sikio ni nini?"

"Masizi tu."

Aliyasugua kwa sabuni ya kufulia mara tatu. Ngozi ikawa nyekundu, lakini bado alijiona mchafu. Mkono wa kulia hasa, ule wa kurushia, ulimchefua. Aliulaza mbali na mwili wake kama kitu cha mtu mwingine.

Jumapili baada ya ibada wanawake walisimama nje ya kanisa wakizungumza. "Mtoto wa yule mama wa usipa ameumia vibaya," mmoja alisema. "Nesi Jubilate amemsafisha na kumpaka dawa. Matope tu, lakini jicho limevimba mpaka limefumba, na mtoto analia anasema linachoma kila akilipepesa."

Kisa alikuwa amesimama nyuma yao. Nesi aliambiwa matope, akatibu matope. Chupa hakuijua, na angeijuaje? Vipande vilikuwa bado mle ndani, na kila Eliya alipopepesa jicho vilikuwa vinakata. Katika kijiji kizima watu wanne tu walijua kwamba Eliya hakuteleza, na wenzake Kisa wawili wangekaa kimya mpaka jicho lioze. Eliya mwenyewe aliogopa moto, tena hakujua donge lilikuwa na nini.

Anyelwisye alimwona anavyobabaika, akamsogelea kwenye lango la kanisa, amevaa shati jeupe la ibada. "Usijitie huruma," alinong'ona. "Uliapa. Na aliyerusha ni wewe, siyo mimi. Ukisema, unajifunga mwenyewe."

Kisa alimtazama. Saa moja tu iliyopita kijana huyu alikuwa anaimba pambio kwa macho yaliyofumbwa. Alichukizwa naye kama alivyochukizwa na mkono wake mwenyewe.

"Nilirusha mimi," alisema. "Ndiyo maana naenda."

Alimkuta nesi Jubilate nyuma ya zahanati, anaanua nguo.

"Mugonile, dada," Kisa alimwamkia kwa Kinyakyusa.

"Tugonile, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Eliya hakuanguka. Nilimpiga na donge. Kwa kombeo."

Nesi alishusha nguo kwenye beseni taratibu. "Donge la udongo?"

"Lilikuwa na chupa."

"Chupa gani?"

"Ya bia. Tuliiponda tukaichanganya. Nilifinyanga mimi."

Nesi Jubilate alikuwa mtu mwema, mcheshi, anayewapigia watoto mluzi akiwadunga sindano. Sasa alimtazama Kisa namna mtu anavyotazama funza kwenye nyama. "Mkaponda chupa," alisema polepole, "mkaikanda, mkakaa kuisubiri ikauke, ili mumtupie mtu usoni. Mlikuwa na siku nzima ya kufikiri, na hamkufikiri."

"Siku mbili," Kisa alisema, kwa sababu alikuwa ameamua kusema kweli yote.

"Twende."

Chumbani kwa Eliya kulikuwa na giza la mapazia. Mama yake, Mercy, alikuwa ameketi kitandani amempakata kichwa. Nesi alimsukuma Kisa mbele. "Mwambie mama mwenyewe."

Kisa alimwambia yote, hata kile kicheko. Maneno yalikuwa machache na kila moja lilikuwa na ladha ya matapishi. Alipofika kwenye tishio la moto, Eliya alianza kulia kwa kwikwi. "Usilie, mwanangu, usilie, utalikata zaidi," nesi alisema haraka, akalifunika jicho kwa kikombe cha plastiki, akakibandika kwa plasta ili mtu yeyote asiliguse wala kulibonyeza.

Mama Eliya hakumpiga Kisa. Hakumtukana. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka usoni, akageuka pembeni, akatema mate kwenye sakafu ya chumba chake mwenyewe. Kisha akaita bodaboda.

Kutoka hospitali ya Kyela mjini waliandikiwa kwenda Mbeya, kwa daktari wa macho. Daktari alitoa vipande viwili. Alisema vingeachwa siku mbili tatu zaidi, jicho lingeoza, na wangelitoa.

Huku nyuma mtendaji wa kijiji aliwaita wazazi wa wote watatu. Atupele, aliyekwisha kuambiwa nyumbani, alimsikiliza binti yake tena mbele za watu, mtandio ameuvuta mpaka machoni. Wazazi walikubaliana kubeba matibabu. Anyelwisye alichapwa na baba yake hadharani, akaahidi kila alichotakiwa kuahidi, na alipopita karibu na Kisa akamwambia "msaliti" kwa sauti ya chini. Juma lililofuata alipelekwa Bujonde kwa baba yake mdogo kuvuna kakao. Kama alibadilika huko, hilo analijua mwenyewe.

Jumamosi Atupele alimshika Kisa mkono, wakaenda kwenye kibanda cha Amon. "Leo nataka kuona unacholishwa huku," alisema. Waliketi kati ya wavulana mpaka mwisho, sehemu zote mbili, na shamba lao siku ile lililindwa na jirani. Atupele alitazama bila kusema neno, leso puani. Mtafsiri alipocheka, yeye aliguna.

Katika sehemu ya pili Razo alikutana na mzee aliyepofuka kwa kipigo chake. Muziki wa kinanda ukaanza. Razo akapiga magoti, chozi moja likapita kwenye masizi, akasema, "Nimebadilika." Mzee akamkumbatia, mvua ikanyesha, watu wote wakatoka majumbani wakicheza. Ilichukua dakika tatu.

"Hivyo tu?" Atupele aliuliza kwa sauti, wavulana wakageuka. "Ameua watu sehemu nzima, halafu chozi moja? Puu!" Akainuka, akamwendea Amon mlangoni na kumwambia kwamba mtu anayewauzia watoto wa wenzake uchafu asishangae wazazi wakija kuufagia. Mwezi huo huo mtendaji alikifunga kibanda kwa watoto.

Lakini Kisa aliondoka na zile dakika tatu kichwani. Mama Eliya aliporudi kutoka Mbeya, Kisa alikwenda mlangoni kwake, akapiga magoti kwenye vumbi, akalia sana. "Mama, nisamehe. Nimebadilika."

Mama Eliya alikuwa anaanika usipa kwenye mkeka. Hakuacha kazi yake.

"Umebadilika lini?"

Kisa alifuta machozi kwa mkono wenye vumbi.

"Eliya haruhusiwi juani mwezi mzima," alisema mama Eliya. "Mimi niko kwenye usipa tangu alfajiri. Toka tuondoke shamba letu halina mtu, ndege wanakula wanavyotaka. Machozi yako ndege hawayaogopi. Inuka hapo, unanitia vumbi kwenye samaki."

Kisa aliinuka. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa juu ya dungu la shamba la Eliya, na mama yake alipanda la kwao. Kombeo hakuligusa, mkono ulikataa. Alichukua debe bovu na fimbo, akawa anapiga debe, anapiga kelele, anashuka, anakimbia kwenye tuta toka mwisho huu hadi mwisho ule, anapanda tena. Siku ya tatu sauti ilikauka. Siku ya tano ndala zilikatika. Watoto wa madungu ya jirani walimcheka: "Mpiga debe! Stendi imehamia shambani!" Hapakuwa na kinanda wala mvua. Mama Eliya alipita kila jioni, akaangalia masuke, akaondoka bila kumsalimu.

Wiki ya nne Eliya alikuja na mama yake, amevaa kofia pana. Jicho lilikuwa wazi, lakini pembeni ya mboni palibaki kovu jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"Unaniona?" Kisa aliuliza kwa sauti yake iliyokwaruza.

Eliya alifumba jicho zima, akamtazama kwa lile bovu. "Nakuona. Una ukungu kidogo." Alichezea ncha ya suke. "Bado sikupendi."

"Najua."

"Mbona huachi kuja, basi?"

Kisa alinyosha fimbo juu ya mpunga. "Ndege hawajaacha kuja," alisema.

Mama Eliya alikuwa ametandika khanga chini ya dungu na kufungua hotpoti. Wali na maharage. Alipakua, kisha akaanza kusema, akiwaangalia wote wawili.

"Nilipokutemea mate siku ile, Kisa, sikukutemea kwa sababu ulirusha. Watoto hurusha. Nilitema kwa sababu mlicheka. Mwenzako analia na wewe unacheka, hapo ndipo mtu anapooza, na anaanza kuoza pale pale anapozoea kucheka mtu wa kwenye picha akiumizwa. Lakini ulikuja kusema kabla jicho halijafa, tena ukijua utajifunga mwenyewe. Hilo nililiona. Mwenzako alichapwa akaahidi. Wewe hukuchapwa, na umekuja siku ishirini na sita. Nimezihesabu. Mtu habadiliki kwa kulia mara moja, mwanangu. Anabadilika asubuhi akiamka, na kesho yake anaamka tena, hata kama hakuna anayemwangalia. Eliya atakusamehe akitaka, na usimharakishe. Mimi nimechoka kukuona unakaa na njaa kwenye shamba langu."

Kisa alisimama pale pale, hajui aende wapi. Mama Eliya akachukua jagi la maji na kumwinamishia.

"Lete mikono, unawe. Yote miwili."

Kisa akakinga mikono yote miwili. Eliya akasogea kidogo kwenye khanga, kiasi cha kumwachia mtu mmoja nafasi, na wakala kutoka sahani moja.